Shinikizo la damu: Kipimo cha mtaani ni mlango tu, tiba ndiyo nyumba

Mtu anaweza kufungua duka lake asubuhi karibu na soko la Ruvumera, au kushinda kutwa nzima chini ya gari katika gereji za Buyenzi, huku shinikizo la damu yake likiwa limepita kiwango cha hatari, na asihisi chochote. Hana homa, hakohoi, wala hakuna mahali panapomuuma. Siku moja mkono wa kulia unalegea, mdomo unapinda, maneno yanakataa kutoka. Majirani watasema amepatwa ghafla. Kwa hakika maradhi hayo yalikuwa mwilini mwake kwa miaka kadhaa, nayo yangeweza kugunduliwa kwa kipimo cha dakika chache kisichohitaji hata tone moja la damu.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa afya wanahimiza watu wapimwe shinikizo la damu mahali wanapoishi na kufanyia kazi: sokoni, misikitini, makanisani, kwenye vituo vya mabasi, bila kungoja waugue na kwenda hospitali. Lakini uzoefu wa nchi nyingi, zikiwemo za jirani na Burundi, unaonyesha kwamba kupima ni sehemu iliyo rahisi. Jambo gumu ni lile linalofuata baada ya mkanda kufunguliwa mkononi. Makala haya yanaeleza maana ya kipimo hicho, namna kinavyopaswa kufanywa, na mambo yanayohitajika ili mtu aliyegunduliwa mtaani apate tiba ya kudumu.

Namba mbili, na lugha mbili za kuzisoma

Moyo unapopiga, husukuma damu katika mishipa. Nguvu ya damu hiyo dhidi ya kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu. Kipimo hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapolegea kati ya pigo moja na jingine.

Hapa Bujumbura msikilizaji hukutana na mkanganyiko mdogo ambao hauna budi kuelezwa. Wauguzi waliosomea kwa Kifaransa mara nyingi hutaja kipimo kwa sentimita za zebaki, wakasema "14 kwa 9". Mashine za kidijitali, pamoja na vyeti vinavyotoka Tanzania au Kenya, huandika milimita: 140 kwa 90. Ni kitu kimoja. Anayeambiwa ana 12 kwa 8 na anayeambiwa ana 120 kwa 80 wako sawa. Vilevile majina ni mengi: wengine husema presha, wengine tansiyo kwa kufuata Kifaransa, na vitabu huandika shinikizo la juu la damu. Maradhi ni yale yale.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu ikiwa namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, na hali hiyo ikathibitishwa katika siku mbili tofauti. Inatosha namba moja kati ya hizo mbili kupita kiwango. Si lazima zipite zote.

Maradhi yaliyoenea, wagonjwa wasiojijua

Idadi ya watu wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaoishi na maradhi haya duniani iliongezeka takriban mara mbili kati ya mwaka 1990 na 2019, kutoka watu milioni 650 hadi karibu bilioni 1.3. Katika ripoti yake ya kwanza ya dunia nzima kuhusu maradhi haya, iliyotolewa Septemba 2023, WHO ilieleza kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawajui kuwa wanayo, na kwamba takriban watu 4 kati ya kila 5 hawapati tiba ya kutosha. Kanda ya Afrika ni miongoni mwa kanda zenye kiwango kikubwa cha maenezi.

Wengi bado wanaamini kwamba presha ni maradhi ya matajiri, ya wazee au ya watu wanene. Imani hiyo inawaponza wengi. Umri unaongeza hatari, na uzito vilevile, lakini hata mtu mwembamba mwenye miaka 35, mbeba mizigo au mwendesha baiskeli, anaweza kuwa nayo. Urithi wa familia, chumvi nyingi, tumbaku, pombe na maradhi ya figo vyote vina mchango.

Shinikizo likikaa juu kwa miaka bila tiba, mishipa hukakamaa. Moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, ukatanuka na hatimaye ukachoka. Figo, ambazo huchuja damu kwa mishipa midogo sana, huharibika polepole. Macho huweza kupoteza nuru. Katika ubongo, mshipa huziba au hupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Katika familia ya mji, kiharusi cha mtu mmoja kinaweza kuangusha nyumba nzima: aliyekuwa akitafuta riziki sasa analala kitandani, na binti au mke anaacha biashara yake ili amhudumie.

Kipimo kizuri kina adabu zake

Kipimo kinachofanywa haraka haraka katikati ya kelele kinaweza kumtia mzima hofu bure, au kumwacha mgonjwa aende zake akidhani ni mzima. Kwa hiyo anayepima na anayepimwa wote wana wajibu.

Anayepimwa anapaswa kuketi kwa utulivu kwa dakika 5 kabla ya mkanda kufungwa. Asiwe amevuta sigara, amekunywa kahawa wala kufanya kazi nzito katika nusu saa iliyotangulia, na kama ana haja ndogo aende kwanza msalani. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili zikanyage chini, miguu isipishane. Mkono ulazwe juu ya meza ili mkanda uwe sawa na usawa wa moyo, na usifungwe juu ya nguo nzito. Wakati mashine inapofanya kazi, kusiwe na mazungumzo.

Mkanda nao uwe wa kadiri ya mkono. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kisha kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Anayepata namba ya juu kwa mara ya kwanza asianzishiwe dawa papo hapo mtaani, isipokuwa namba zikiwa kubwa mno. Aelekezwe wapi na lini atapimwa tena.

Pengo kati ya mkanda na kidonge

Hapa ndipo kampeni nyingi za upimaji hukwama. Kila mwaka, tarehe 17 Mei, dunia huadhimisha Siku ya Shinikizo la Damu, na tangu mwaka 2017 mwezi huo umefanywa na Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu kuwa mwezi wa upimaji. Meza huwekwa, mistari hupangwa, namba huandikwa kwenye karatasi. Jioni meza hukunjwa. Aliyeambiwa ana 17 kwa 10 anabaki na karatasi mkononi na shauri moja tu: "Nenda hospitali."

Utafiti mmoja uliofanywa mbali na hapa unaonyesha uzito wa pengo hilo. Mjini Los Angeles, Marekani, watafiti waliwafuata wanaume weusi 319 wenye shinikizo la juu katika vinyozi 52 wanavyovizoea. Kundi moja lilipata mawaidha ya kinyozi tu: badili mwenendo, nenda ukamwone daktari. Kundi jingine lililetewa mfamasia hapo hapo kwenye kinyozi, akawaandikia dawa kwa makubaliano na madaktari wao na kuwafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi 6, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 9 katika kundi la mawaidha, na kwa wastani wa 27 katika kundi lililopelekewa tiba. Vinyozi vilikuwa vya aina moja na wateja wa aina moja. Tofauti ilitokana na dawa na ufuatiliaji.

Katika vijiji vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, wahudumu wa afya wa jamii wanaolipwa na serikali walipewa mafunzo ya kupima nyumba kwa nyumba, kutoa ushauri na kuwaelekeza wenye namba kubwa kwa madaktari waliofundishwa kuwapokea. Baada ya miaka 2, kama ilivyoripotiwa mwaka 2020, namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa takriban 5 zaidi kuliko katika vijiji vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Tano inaonekana kidogo kwa mtu mmoja. Ikienea katika jamii nzima, huzuia viharusi vingi.

Majirani wamejaribu nini

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni mradi wa SEARCH, uliofanywa katika jamii 32 za vijijini nchini Uganda na Kenya na kuhusisha zaidi ya watu 150,000. Lengo lake kuu lilikuwa virusi vya ukimwi, lakini waandaaji waliona haina maana kumwita mtu akapimwe ugonjwa mmoja tu na kumwacha aende na mwingine. Katika maonyesho ya afya ya kijiji, watu walipimwa virusi vya ukimwi, kisukari na shinikizo la damu kwa pamoja. Kwa kuwa ukimwi haukutajwa peke yake, aibu ya kuonekana kwenye mstari ilipungua. Waliogunduliwa waliunganishwa na kituo cha karibu chenye huduma iliyorahisishwa.

Baada ya miaka 3, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba asilimia 47 ya wenye shinikizo la juu walikuwa wamelidhibiti katika jamii zilizopata huduma hiyo, ikilinganishwa na asilimia 37 katika jamii nyingine. Ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, tusisahau upande wa pili wa hesabu: hata pale palipofanywa juhudi kubwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa bado hawakuwa wamelidhibiti.

Tanzania na Uganda nazo zilijaribu, katika vituo 32 vya afya, kuwahudumia kwa pamoja wagonjwa wa virusi vya ukimwi, kisukari na shinikizo la damu: mapokezi mamoja, wauguzi wale wale, chumba kimoja cha dawa. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba wagonjwa wa presha na kisukari waliendelea kuhudhuria kliniki kwa kiwango kikubwa, na huduma kwa wenye virusi vya ukimwi haikuzorota.

Bujumbura ina nini mkononi

Burundi haianzi kutoka sifuri. Nchi ina wahudumu wa afya wa jamii, abaremeshakiyago, wanaojulikana na kuaminiwa katika mitaa yao, na ambao wamekuwa wakishughulikia malaria, lishe na afya ya mama na mtoto. Mashine ya kidijitali ya kupima presha si ngumu kuliko kazi wanazozifanya tayari. Kinachohitajika ni mafunzo, betri, na kituo kitakachowapokea wale wanaowaelekeza.

Nchi pia ina uzoefu wa ugonjwa wa maisha. Mwaka 1993, Jeanne Gapiya-Niyonzima alianzisha mjini Bujumbura chama cha ANSS cha kuwasaidia watu wenye virusi vya ukimwi, wakati ambapo kutamka neno hilo hadharani kulihitaji ujasiri. Vyama kama hicho vilionyesha kwamba mgonjwa anayepaswa kumeza dawa kila siku anahitaji zaidi ya cheti cha daktari: anahitaji tarehe ya kurudi, mtu wa kumkumbusha, na wenzake wa kuzungumza nao. Mgonjwa wa presha anahitaji vivyo hivyo, ila mara nyingi hakuna anayempigia simu asipoonekana.

Vikwazo navyo havifichiki. Tangu mwaka 2006, Burundi hutoa matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Mgonjwa wa presha haingii katika kundi hilo kwa sababu ya presha yake. Mtumishi wa serikali ana bima ya Mutuelle. Mfanyabiashara mdogo, mvuvi au fundi asiye na mwajiri anaweza kutumia kadi ya msaada wa matibabu, CAM, iliyoanzishwa mwaka 1984. Lakini kadi haina kazi siku ambayo dawa haipo rafuni. Mgonjwa huambiwa akanunue mjini, na huko hununua vidonge vya siku tatu au nne kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Uhaba wa mafuta ya magari, ambao wakazi wa Bujumbura wameuzoea kwa shida katika miaka ya karibuni, huongeza mzigo: safari ya kutoka Kinama au Kanyosha kwenda kuchukua dawa za mwezi mmoja inaweza kugharimu siku nzima ya kazi.

Ndiyo sababu mapendekezo ya WHO yanasisitiza mambo manne yanayoonekana madogo: mwongozo mmoja rahisi wa dawa utumike katika vituo vyote, wauguzi na wahudumu wengine waliofundishwa waruhusiwe kuendeleza tiba chini ya usimamizi wa daktari, mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, vilivyoingizwa katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, vipatikane kwa bei nafuu.

"Nimepona, nimeacha dawa"

Kauli hii ndiyo inayojaza vitanda vya kiharusi. Mgonjwa hutumia dawa kwa miezi miwili, anapimwa, anaambiwa 12 kwa 8, anafurahi, anaacha. Wiki chache baadaye shinikizo limerudi lilikokuwa, kimya kimya. Dawa kama amlodipini haiponyi shinikizo la damu. Hulizuia kwa muda inapokuwa mwilini. Namba nzuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, na kwa hiyo ni sababu ya kuendelea nayo.

Dawa ikileta usumbufu, kama kuvimba vifundo vya miguu au kikohozi kikavu kisichoisha, zipo nyingine. Mgonjwa arudi aeleze, abadilishiwe. Asichukue vidonge vya jirani, kwani dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, lazima amjulishe mhudumu, kwa sababu baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni. Kitunguu saumu na majani ya mitishamba visiwekwe mahali pa dawa zilizoandikwa.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa wasikilizaji wengi wa Buyenzi, Bwiza na Rumonge swali hili hurudi kila mwaka: je, mgonjwa wa presha afunge? Jibu hutegemea hali yake. Mwenye shinikizo lililodhibitiwa mara nyingi huweza kufunga, maana zipo dawa zinazomezwa mara moja kwa siku, ambazo zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Mwenye kutumia dawa za kukojosha anahitaji uangalifu zaidi, kwani joto la Bujumbura na kukosa maji mchana kutwa huweza kumkausha mwili. Ambaye namba zake bado ziko juu sana, au moyo na figo zake zimeathirika, anaweza kushauriwa asifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa hiyo.

La muhimu ni kumwona mhudumu wiki chache kabla ya mwezi kuandama, ili mpango wa dawa upangwe mapema. Kuacha dawa mwezi mzima kwa nia njema ni hatari.

Chumvi ya jikoni na chumvi isiyoonekana

WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni ya chakula chote cha siku. Chumvi nyingine imejificha katika samaki wa chumvi, katika vidonge vya kutia ladha ya mchuzi, katika mkate, na katika ile inayonyunyizwa tena juu ya mishikaki. Anayepika anaweza kupunguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Limau, tangawizi, nyanya na pilipili husaidia kurudisha ladha. Maharagwe, lengalenga, ndizi na matunda ni vyakula vinavyofaa, na bado vinapatikana katika masoko yetu.

Dalili zisizongoja kesho

Namba ikifika 180 kwa 120, yaani 18 kwa 12, pamoja na maumivu makali ya kichwa au ya kifua, kushindwa kupumua au macho kuona ukungu, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka au maneno yakivurugika, hiyo ni dalili ya kiharusi hata kama hakuna aliyepima presha. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, uvimbe wa ghafla usoni au macho yenye kiwi naye asingoje.

Maswali manne ya kuuliza

Ukipita mahali pa kupimia, kaa upimwe, hasa ukiwa umetimiza miaka 30 au kama wazazi wako waliwahi kuugua presha au kiharusi. Lakini usiondoke kabla ya kuuliza: Namba zangu ni ngapi, nami niandikiwe? Nirudi kupimwa lini? Nikihitaji dawa, nitazipata kituo gani na kwa gharama gani? Na nisipoonekana, nani atanitafuta?

Anayeweka meza ya kupimia mtaani anapaswa kuwa na majibu ya maswali hayo kabla hajafunga mkanda wa kwanza. WHO inakadiria kwamba nchi zikiimarisha tiba ya shinikizo la damu, vifo milioni 76 vinaweza kuepukwa duniani kati ya mwaka 2023 na 2050. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hujificha yenyewe, na aliyekwisha kuyafichua kwa mkanda hana sababu ya kuachwa peke yake na karatasi mkononi.